Gofu Lisilo na Jiwe: Mti wa Kaiija, Jina na Masimulizi katika Mahame ya Katuruka, Bukoba

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka Muleba kwenda Bukoba kwa barabara kuu hupita Kagondo, kisha Muhutwe na Kemondo, huku Ziwa Victoria, ambalo Wahaya huliita Rweru, likijitokeza na kujificha upande wa mashariki. Jina la Kagondo atalikuta tena akifika mjini, kwa kuwa kata za jina hilo ni mbili, moja Wilaya ya Muleba na nyingine Manispaa ya Bukoba. Hilo ni onyo la mapema kwa mtafiti: katika Buhaya jina la mahali peke yake halimfikishi mtu anapokusudia mpaka lifuatane na maelezo ya mwenyeji. Kati ya Kagondo hizo mbili, katika vijiji vya Maruku, ipo Katuruka. Hapo pana mahame ambayo ni miongoni mwa mahali pa kale zaidi panapojulikana kwa utambikaji na ufuaji chuma katika Afrika Mashariki, lakini hayatajwi sana nje ya duru za wanaakiolojia.

Mgeni afikaye huko akitarajia kuona kuta atasikitika. Hakuna nguzo iliyosimama, hakuna ngazi iliyoota kuvu, wala lango la kupigia picha. Kuna migomba, mibuni, miti ya kivuli, njia nyembamba kati ya kibanja na kibanja, na ardhi nyekundu ambayo hapa na pale hutoa vipande vyeusi vizito vya mavi ya chuma. Kinachopafanya pawe mahali pa ziara ni mambo matatu: jina la mti, kisa kinachosimuliwa kuhusu mti huo, na vitu vilivyokutwa chini yake vilipofukuliwa.

Makala haya yanachunguza uhusiano wa mambo hayo matatu. Hoja yake ni kwamba masimulizi ya Kaiija hayawezi kuchukuliwa kuwa maelezo ya pembeni juu ya gofu fulani; masimulizi hayo ni sehemu ya gofu lenyewe, kwa namna ile ile ambayo ukuta ni sehemu ya msikiti wa Kilwa. Hoja hii ina matokeo kwa uainishaji wa tanzu za fasihi simulizi, na pia kwa namna wanafunzi wa fasihi wanavyokusanya na kunukuu matini uwanjani.

2.0 Msamiati wa mahali palipohamwa

Ni vyema kuanza na lugha, kwa sababu ugumu wa kuiona Katuruka umo kwa kiasi fulani katika maneno yenyewe. Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa mahali palipoachwa: gofu, mahame, ganjo, tongo. Hata hivyo maneno haya hayabebi uzito ulio sawa. Gofu ni jengo lililobaki mifupa; ndiyo maana mtu aliyekonda mno huitwa gofu la mtu. Neno linadai kitu kilichosimama, kilichopoteza nyama na kubakiza kiunzi. Linafaa kabisa kwa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambako kuta za matumbawe zilitosha kuviingiza visiwa hivyo katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Linafaa pia kwa Kaole karibu na Bagamoyo, na kwa Gede nchini Kenya, mji wa mawe uliomezwa na msitu, ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948. Mahame na tongo, kwa upande mwingine, hayadai jengo. Yanasema tu kwamba watu walikuwapo na wakaondoka.

Katika matumizi ya kila siku, na hasa katika maandishi ya utalii, gofu ndilo lililoshinda. Magofu huzuriwa, matongo hulimwa. Jambo hili si dogo. Lugha iliyokulia katika miji ya mawe ya pwani imewapa wasemaji wake picha moja ya ukale, na picha hiyo ni ya jiwe na chokaa. Nyumba ya Kihaya, mushonge, ilikuwa ya miti, matete na nyasi tangu kileleni hadi ardhini. Ikulu ya Omukama ilikuwa ya aina hiyo hiyo, ila kubwa zaidi. Nyumba kama hiyo ikiachwa, hubaki duara la udongo mgumu, majivu, vigae, na miti ya ua iliyochipua na kuwa mikubwa. Miti hiyo ndiyo kiunzi chake. Kwa wenyeji wa nchi za maziwa makuu, kichaka cha miti mikongwe kilichotengwa, ekigabiro, husomeka kama vile mtu wa pwani anavyosoma mihirabu isiyo na paa.

Kiswahili kina neno jingine ambalo lingefaa hapa lakini limeharibiwa na matumizi, nalo ni mzimu. Pamoja na maana ya roho ya mfu, mzimu ni mahali: mti, pango au jiwe panapotambikiwa. Maana hii ya pili ni ya zamani na imo katika kamusi, lakini karne moja ya mafundisho ya dini za kigeni imeifanya isikike kama kashfa. Mwandishi wa kibao cha utalii hawezi kuandika kwamba hapa pana mzimu bila kuwatisha nusu ya wageni na kuwaudhi waumini wa jirani. Hivyo huandika mahali patakatifu, maneno yaliyo sahihi na yasiyo na ladha.

Ugumu huu hauko Afrika Mashariki tu. Huko Sri Lanka, makao ya kale ya watawa wa Kibudha waliojitenga misituni, kama Ritigala, yamebakiza njia za mawe, birika na misingi ya majengo, na mgeni huyasoma kwa urahisi. Lakini katika mji wa Anuradhapura, wenye magofu makubwa ya matofali, kinachoheshimiwa kuliko yote ni mti, ambao mapokeo husema ulipandwa katika karne ya 3 K.K. kutokana na chipukizi la mti ambao Budha alipata mwangaza chini yake. Wasinhala waliohamia Dar es Salaam na kuanzisha hekalu lao Upanga mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuweza kuja na magofu. Walichopanda uani ni mti wa jamii hiyo. Karibu zaidi na Kagera, katika kilima cha Mubende nchini Uganda, mti mkubwa wa Nakayima unahusishwa na Ndahura wa Bachwezi, na watu huutembelea kwa ibada. Mti basi unaweza kuwa hekalu. Swali ni namna unavyobeba historia bila maandishi.

3.0 Kaiija

Katuruka ilijulikana kwa ulimwengu wa wasomi kupitia kazi za mwanaakiolojia wa Kimarekani, Peter Schmidt, aliyefanya utafiti na kufukua hapo mwaka 1969 na 1970, na ambaye baadaye alishiriki kuanzisha ufundishaji wa akiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Matokeo yake ya awali yalichapishwa kitabuni mwaka 1978. Utaratibu alioutumia una umuhimu wa pekee kwa msomaji wa fasihi. Hakuanza kwa kupima ardhi kisha akauliza wenyeji jina la mahali. Alianza kwa kukusanya masimulizi ya wazee, akaongozwa nayo hadi pale walipoonyesha kwa kidole, ndipo akachimba.

Wazee walimwonyesha mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina linaloelezwa kumaanisha mahali pa kufulia chuma. Walimweleza pia kwamba karibu na mti huo ilikuwapo ikulu ya Omukama Rugomora Mahe wa Kyamutwara, ambaye utawala wake unakadiriwa kuwa wa karne ya 17, na kwamba ndipo penye gashani yake, yaani nyumba ya maziko ya mfalme. Ufukuaji ulitoa kwa hakika mabaki ya karne hizo za karibuni. Lakini chini ya kivuli cha Kaiija, mahali ambapo masimulizi yalisema chuma kilifuliwa, kulikutwa mashimo, mkaa, mavi ya chuma na vigae vya aina ya Urewe. Hivi ni vile vyungu vyenye kibonyeo kitakoni vilivyopewa jina la mahali pa Siaya, nchini Kenya, na kuelezwa kitaalamu mwaka 1948. Baadhi ya mkaa ulipopimwa ulitoa tarehe za katikati ya milenia ya kwanza K.K., yaani karibu na mwaka 500 K.K.

Tarehe hizo za mwanzo zimepingwa, na upinzani wenyewe una msingi. Mkaa hupima umri wa mti, haupimi umri wa moto. Fundi akichoma gogo la mti uliokufa karne kadhaa kabla yake, kipimo kitazeesha kazi yake bila haki. Wapo wanaopendelea kuanza hesabu karne chache baadaye. Kwa hoja ya makala haya tofauti hiyo haibadilishi kitu. Hata tarehe zikisogezwa mbele, kati ya watu waliofua chuma chini ya Kaiija na Omukama anayetajwa katika kisa kuna nafasi ya zaidi ya miaka elfu moja, na kwa hesabu ya Schmidt ni zaidi ya elfu mbili.

Ufundi uliokuwapo eneo hilo haukuwa duni. Huko Kemondo kulifukuliwa tanuri za karne za mwanzo B.K. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliombwa kuyeyusha chuma kwa njia ya mababu. Kazi hiyo ilikuwa imekufa miongo kadhaa nyuma, baada ya vyuma vya madukani kuenea. Walichimba shimo na kuchoma matete ya bwawani ndani yake, wakajenga tanuri kwa mavi ya chuma ya zamani na udongo wa kichuguu, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani ya tanuri na kuipulizia hewa kwa mivukuto. Schmidt na mwenzake Donald Avery walidai katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba hewa ilipata joto ndani ya mirija hiyo kabla ya kukutana na moto, na hivyo joto la tanuri likapanda kuliko ilivyotarajiwa. Wataalamu wa madini wamelipinga dai la hewa kupashwa joto kwa hoja nzito. Jambo ambalo hakuna aliyelipinga ni kwamba wazee, ambao ufundi huo waliuacha wakiwa vijana, waliweza kuyeyusha chuma.

Tanuri, katika fikra za Wahaya kama katika jamii nyingine nyingi za Kibantu, ni mwanamke. Kuyeyusha ni mimba, na chuma ni mtoto. Wayeyushaji walishika miiko ya kujitenga na wake zao wakati wa kazi. Kwa hiyo mahali pa kuyeyushia na kufulia palikuwa pa uzazi, na mahali pa uzazi hapakosi kuwa mahali pa mizimu. Si ajabu kwamba Kaiija palitambikiwa, na kwamba masimulizi ya jirani yanawataja Bachwezi, akina Wamara, Mugasha wa ziwa na Irungu wa mwituni, ambao embandwa, wapagawa wao, walikuwa na nguvu ambayo wafalme wa Kihinda hawakuweza kuipuuza. Schmidt anafasiri kujengwa kwa ikulu ya Rugomora Mahe karibu na Kaiija kuwa kitendo cha kisiasa: nasaba ya wageni ilijipatia uhalali kwa kukaa juu ya mahali ambapo wenyeji tayari walipaheshimu. Tafsiri hii ina nguvu. Viongozi wa kila zama wamependa kujenga karibu na madhabahu za waliowatangulia.

4.0 Mnara wa chuma: kisasili au kisakale?

Kisa kinachosimuliwa kinaweza kuelezwa kwa ufupi. Omukama Rugomora Mahe alitaka kuifikia mbingu na kuona kulivyo huko. Akawakusanya abahesi, wafua chuma, wamjengee mnara wa chuma. Wakafua chini ya Kaiija, mnara ukapanda, kisha ukaanguka na kuua. Masimulizi hutaja mahali ambapo chuma kilifuliwa na mahali ambapo mnara ulisimama. Hayasimuliwi hewani, yana ramani.

Msomaji wa Biblia ataona Babeli mara moja, na wapo waliodhani kwamba kisa hiki kililetwa na wamisionari, ambao walifungua kituo chao Kashozi mwaka 1892. Dhana hii haitoshi. Mnara wa Babeli ni wa matofali na lami, na kiini chake ni kuchafuka kwa lugha. Mnara wa Katuruka ni wa chuma, na kiini chake ni mfalme anayewatumia wahunzi kupita mpaka wake. Visa vya kupanda mbinguni na kuanguka vimeenea Afrika ya kati na mashariki, na havihitaji mjumbe kutoka Mesopotamia. Athari ya Biblia katika usimulizi wa karne ya 20 inawezekana. Asili ya kisa ni suala jingine.

Swali la utanzu ni gumu zaidi. Mulokozi (1989), katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, anatenga masimulizi ya kubuni kama ngano na masimulizi ya salua, ambayo huchukuliwa na jamii kuwa ya kweli, na anatofautisha visakale na visasili. Kisakale huzungumzia mashujaa na matukio ya kale ya kihistoria, hata kama yamepambwa. Kisasili huzungumzia asili ya mambo, miungu na kanuni za ulimwengu. Mnara wa Rugomora umekaa wapi? Omukama ana nasaba inayofahamika, ana ikulu na ana kaburi. Kwa upande huo ni kisakale. Kitendo chenyewe, cha kuunganisha ardhi na mbingu kwa chuma, ni cha kisasili. Na jina la mti, ambalo kisa kinalieleza, linaingiza kipengele cha tatu, yaani kisa cha kueleza asili ya jina.

Jibu la haraka lingekuwa kusema kwamba tanzu huingiliana. Ni jibu la kweli, ila halimsaidii mtu. Jibu lenye manufaa zaidi linatokana na kuangalia tabaka za kisa kama mwanaakiolojia anavyoangalia tabaka za udongo. Tabaka la juu, la Omukama na gashani yake, lina umri wa karne tatu au nne na linakubaliana na vitu vilivyokutwa juu. Tabaka la chini, la chuma kilichofuliwa chini ya mti, linakubaliana na vitu vilivyokutwa chini. Kisa kimeyabana matabaka mawili yaliyotengana kwa zaidi ya miaka elfu moja na kuyafanya tukio la siku moja. Usimulizi hufanya hivyo mara nyingi. Hauhesabu miaka, bali huhesabu mahali.

Hapa lazima pingamizi la Jan Vansina lizingatiwe. Katika kitabu chake cha 1985 kuhusu mapokeo simulizi kama historia, Vansina anatahadharisha kwamba visa vingi huzuka kutokana na haja ya kueleza kitu kilichopo: watu huona mwamba wa ajabu au rundo la vigae, husahau chanzo chake, kisha hutunga kisa cha kukieleza. Kwa mantiki hiyo, wakulima wa Katuruka wangeweza kugonga mavi ya chuma kwa jembe, wakajua kwamba hapa palifuliwa chuma, na wakaliingiza jambo hilo katika habari za mfalme wao. Hapatakuwapo kumbukumbu ya miaka elfu mbili. Patakuwapo jembe na akili.

Pingamizi hili haliwezi kufutwa kwa shauku ya kutaka mababu wawe wamekumbuka. Lakini lina pengo moja. Mavi ya chuma si adimu katika Buhaya. Yametapakaa vibanjani na kandokando ya ziwa, na Kemondo ina tanuri nyingi za kale. Ikiwa kila rundo la mavi ya chuma lingezaa mnara, nchi ingejaa minara. Kisa kimeshikamana na Kaiija, mahali penye jina, mti na ibada. Kinachoelekea kuwa kweli ni cha katikati: hakuna mtu aliyekumbuka wafua chuma wa kale kwa majina wala kwa matendo, lakini mahali penyewe hapakuacha kuwa pa pekee, na kila kizazi kilirithi heshima ya mahali pamoja na neno moja au mawili ya kulieleza. Visa vilibadilika juu ya neno hilo kama nyumba zinavyobadilika juu ya kiwanja kimoja.

Majina ya jirani yanastahili kuchunguzwa kwa jicho hilo hilo. Kiambishi ka- kimeenea mno: Kagondo, Kashozi, Katuruka, Kanyigo, Kamachumu. Hili la mwisho linakumbusha neno amachumu, mikuki. Haifai kukimbilia kusema kwamba Kamachumu palikuwa pa wahunzi. Visa vya majina ni mtego unaojulikana. Inafaa kuuliza, na kuuliza kwa wenyeji wengi kabla wanaojua hawajapungua zaidi.

5.0 Kukatwa kwa mti na kupungua kwa wasimulizi

Maneno hayo ya mwisho yana uzito maalumu Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa katika mkoa huo mwaka 1983. Miaka michache kabla yake, mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia kaskazini ya Kagera na vita vikaendelea hadi 1979. Ugonjwa uliofuata uliua watu wazima wa umri wa kulea na kurithisha. Usimulizi hauhitaji mzee tu. Unahitaji mtu wa makamo atakayesikiliza akiwa tayari kusimulia baada ya miaka ishirini. Kizazi hicho ndicho kilichopata pigo, na babu wengi walibaki na wajukuu wadogo, pasipo mtu wa kati.

Mambo mengine yalikuwa yameanza mapema. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na ukabaila wa nyarubanja ukafutwa kisheria katika miaka iliyofuata. Hatua hizo zilikuwa za haki kwa mkulima. Hata hivyo gashani na ebigabiro vilitunzwa ndani ya mfumo ule ule: walinzi wake walikuwa watu wa Omukama. Mfumo ulipoondoka, mahali patakatifu pakawa kibanja kama vibanja vingine, na mti mkubwa ukawa mbao na kivuli kinachozuia kahawa.

Kaiija ulikatwa. Mti uliokuwapo wakati wa utafiti wa 1969 na 1970 haupo tena. Mtu anaweza kukasirika, lakini ni vigumu kutaja sheria iliyovunjwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 kigezo chake kikuu ni kitu kilichotengenezwa au kujengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sheria hiyo hiyo, baada ya kurekebishwa mwaka 1979, huukumbuka hata mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940. Mlango uliochongwa ni wa Zanzibar, Bagamoyo na Kilwa. Mti uliosimama bila kuchongwa, ukapewa jina na kutambikiwa, ni mgumu kuingia katika maneno hayo. Yaliyosemwa hapo juu kuhusu neno gofu yanajirudia hapa kwa lugha ya wanasheria. Uganda ilipata njia nyingine: makaburi ya Kasubi, nyumba ya miti na nyasi, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na yalipoteketea Machi 2010 hakuna aliyesema kwamba kilichoungua ni nyasi tu.

Mwaka 2008 wazee wa Katuruka wenyewe walimwita tena Schmidt, safari hii kwa mradi ulioanzishwa nao. Walitaka mahali pao pahifadhiwe na masimulizi yakusanywe kabla hayajatoweka. Walijenga mfano wa nyumba ya maziko ya Rugomora Mahe, wakapafungua mahali hapo kwa wageni, na wakahoji wazee wenzao. Schmidt ameandika kuhusu kazi hiyo mwaka 2010 na tena mwaka 2017. Mahojiano hayo yalionyesha jambo ambalo utafiti wa kwanza haukulipa nafasi: wanawake walikuwa na dhima kubwa katika ibada na utunzaji wa mahali hapo. Mwaka 1969 mtafiti kijana mwanamume alipelekwa kwa wazee wanaume, naye akaandika walichomwambia. Kisa cha mnara, chenye mfalme, wahunzi na kifo, ni kisa cha wanaume. Ni vigumu kujua ni visa vingapi vya Kaiija vilikuwa vya wanawake na havikuulizwa.

6.0 Tatizo la "hapa"

Jambo moja la lugha linapaswa kusisitizwa kwa mwanafunzi anayekwenda kukusanya masimulizi ya namna hii. Msimulizi wa kisa cha Kaiija husimulia akionyesha. Kisa kimejaa vionyeshi vya mahali, na lugha za Kibantu zina utajiri mkubwa katika jambo hilo. Kiswahili hutofautisha hapa, huku na humu. Pale, kule na mle. Anayesema "walifua hapa" amesimama. Anayesema "walifua humu" ameingia chini ya kivuli. Anayesema "ulianguka kule" ameinua mkono. Kihaya nacho kina mbinu zake za kutenga mahali, na msimulizi hodari huzitumia kumtembeza msikilizaji.

Kisa hicho kikirekodiwa ofisini mjini Bukoba au Dar es Salaam, vionyeshi vyote hubadilika kuwa vijazio. Kikinukuliwa karatasini bila maelezo ya mahali, "hapa" haioneshi kitu. Matini nyingi zilizohifadhiwa katika makabati ya vyuo ni za aina hiyo: zina maneno yote na hazina mahali. Mkusanyaji wa kisa cha Kaiija angepaswa kuandika, pamoja na maneno, msimulizi alisimama wapi, aligeukia upande gani, alihama lini na kwa hatua ngapi. Kazi hiyo inachosha na haipendezi kusoma, lakini ndiyo iliyomwezesha Schmidt kuchimba shimo mahali palipostahili.

Mfano wa nyumba uliojengwa Katuruka umeleta hali mpya. Kijana anayewaongoza wageni leo huanza kisa mbele ya mushonge uliojengwa upya, na anasema "hapa" kwa kuelekeza nguzo zilizokatwa katika karne hii. Kisha huwapeleka pale Kaiija ulipokuwa na kusema "hapa" tena, akionyesha nafasi tupu kati ya migomba. Vionyeshi hivi viwili vina umbo moja na havina kazi moja. Cha kwanza kinaonyesha kitu. Cha pili kinamtaka msikilizaji asimamishe mti mwenyewe. Namna waongozaji wanavyolitamka hilo la pili, wanasimama muda gani kabla yake, na kama wageni wa Kihaya wanalijibu tofauti na wageni wa mbali, ni mambo yanayoweza kurekodiwa sasa, uwanjani, kwa muda wa likizo moja.